Riwaya ya ukoo wa Pemba iliyonivunja moyo

Mkaazi wa Wete

Assalamu alaikum ndugu zangu. Nimemaliza kuisoma ile riwaya ambayo wengi humu mmekuwa mkiisifu, inayosimulia vizazi vitatu vya ukoo mmoja wenye mashamba ya mikarafuu kaskazini mwa Pemba. Jina lake sitalitaja, kwa kuwa mwandishi ni kijana anayeanza na sikusudii kumharibia soko. Walioisoma wataitambua kwa haya nitakayoyaeleza, na ambao hawajaisoma wanaweza kuufuata mjadala bila ya taabu. Niliinunua kwa hamu, kwa sababu katika riwaya nyingi nilizozisoma Pemba ni mahali mhusika anapotoka kwenda kutafuta maisha Unguja, au anapokimbilia mambo yakimharibikia, na mara hii nilidhani nimepata kitabu kinachoanzia kwetu na kumalizikia kwetu.

Kilichonivunja moyo ni jambo moja lililoenea kitabu kizima: mila zilizomo humo hazimgharimu mtu chochote. Kuna posa, kuna singo, yaani manukato ya kumsinga bi harusi, kuna hitima, kuna mchezo wa ng'ombe, kuna ngoma ya msewe, na kila kimoja kimepewa kurasa zake na kuelezwa kwa rangi na kwa harufu. Lakini katika ukoo ule mzima hakuna mtu anayekopa kwa sababu ya mila hizo, wala anayetoka na kinyongo, wala anayelazimika kumeza neno ambalo amekaa nalo kifuani miaka mingi. Mimi nauliza, ni nyumba gani ya visiwa hivi iliyowahi kuozesha binti bila ya mtu kununa?

Tazameni harusi ya mjukuu, ambayo imechukua sura tatu. Mwandishi anatueleza namna asumini na mawaridi yanavyokaushwa, liwa inavyosagwa, bi harusi anavyowekwa ndani na somo wake, yaani kungwi anayemfunda, na piko inavyochorwa miguuni. Yote hayo ni sahihi, na yameandikwa kwa mkono mzuri. Posa, kwa upande wake, inakubaliwa katika sentensi moja. Hatuambiwi mahari yalikuwa kiasi gani, nani aliyeyataja, nani aliyeyaona madogo akanyamaza. Kilemba na mkaja, zile heshima za wazee wa bi harusi, vinatajwa kwa majina tu, kana kwamba ni vitu visivyoweza kusahauliwa, na hali sote tunazijua ndoa zilizokwama siku nyingi kwa sababu mzee mmoja aliyestahiki heshima yake hakupelekewa. Wanawake wote wamevaa kanga za sare, na mwandishi anayasoma mpaka maandishi yaliyomo, ila hatujui nani alitoa pesa za kuzinunulia, nani hakupelekewa pea yake, na ni wifi gani aliyekuja makusudi na nguo yake mwenyewe ili watu wote waone kwamba yeye hakuhesabiwa.

Kisha babu anafariki. Siku chache baada ya arubaini mjane wake anajipamba na kwenda harusini kwa shemeji yake, na anacheza. Eda ya mjane, yaani muda wa kukaa ndani bila ya kujipamba, ni miezi minne na siku kumi, isipokuwa akiwa na mimba, ambapo huisha atakapojifungua. Mtoto wa chuoni analijua hili. Lakini kosa la hesabu si kitu kikubwa, mhariri makini angeliondoa kwa kalamu. Kinachonishangaza ni kwamba pale ukumbini hakuna anayeshtuka. Wifi hamvuti pembeni, jirani hakohoi, mwanawe wa kiume haoni haya. Lau mwandishi angemfanya mjane yule aivunje eda kwa kusudi, kwa kumchukia marehemu au kwa kuchoka na wakwe, angekuwa ameshika jambo zito mno, na kitabu kizima kingeweza kusimama juu yake. Badala yake bibi wa watu anatoka, anakula pilau, anarudi nyumbani, na sura inakwisha.

Nina lalamiko jingine dogo linalotokana na hilo hilo. Bibi mwenye miaka sabini na kitu anakaa jikoni na bintiye, ambaye naye ni mama wa watoto watano, akimweleza kwamba hitima ni kisomo kinachosomwa kwa ajili ya marehemu na kwamba baada yake watu hulishwa. Binti anaitikia kwa mshangao! Watu wa nyumba moja hawaelezani mambo wanayoyajua wote. Anayeelezwa hapo ni mgeni, naye hamo jikoni.

Mwisho wa riwaya mnaujua: mashamba yanagawiwa sawa kwa sawa, ndugu wanakumbatiana, karafuu zinanukia. Nawaulizeni mlioisoma, mliukubali mwisho ule?

Mwana wa Maskati

Waalaikumu ssalam ndugu yangu wa Wete. Nimeyasoma maneno yako mara mbili, na ingawa nayaheshimu, siwezi kuyaunga mkono yote. Wazee wangu walihama Pemba baada ya mwaka 1964, nami nimezaliwa na kulelewa Maskati. Kiswahili nimekipata nyumbani, na Pemba nimeipata kwa masimulizi, ambayo aghalabu hukatika mahali pale pale, mzee anapovuta pumzi na kusema "basi tena". Hiyo singo unayosema imeelezwa kupita kiasi, mimi nilikuwa nikilisikia jina lake tu. Mama hakuniambia, kwa sababu mtoto wa kiume haambiwi mambo hayo, na dada zangu waliozwa huku kwa taratibu nyingine kabisa.

Kwa hiyo huyo mgeni unayesema hamo jikoni ni mimi. Sioni kwa nini mwandishi asiniandikie. Tuko wengi, Maskati, Dubai, Mombasa na Uingereza, na sisi ndio tunaovinunua vitabu hivi na kuvipeleka kwa watoto wetu. Tena naona unataka kila kitabu cha ukoo kiwe kitabu cha ugomvi. Mtu aliyekosa nyumba anaweza akapenda kuiona nyumba ikiwa imetulia.

Mkaazi wa Mkunazini

Mimi niko upande wa mleta uzi, na nitaongeza neno moja kutoka huku mjini. Tangu Mji Mkongwe ulipoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, na hata kabla yake, tumezoea kuona mambo ya ndani yakitolewa nje kwa ajili ya wageni. Nyumba zilizokuwa na familia ndani yake zimegeuka hoteli, na singo siku hizi mgeni anaweza kupakwa kwa malipo bila ya kuolewa na mtu. Sina ugomvi na biashara hiyo, watu wanakula kwayo. Ila nilipoisoma riwaya hii niliona mila zimepangwa kama bidhaa kwenye rafu ya duka, kila moja na maelezo yake chini, na mwandishi anatupitisha mbele yake akituhimiza tusiharakishe. Hata mchezo wa ng'ombe, ambao kwa watu wa Pemba una ushindani wake, una wenye ng'ombe wao na maneno yao ya kutupiana, humo umekuwa mandhari ya kijana na binti kuangaliana.

Maalim wa Zamani

Assalamu alaikum jamii yote. Nimesomesha Kiswahili skuli za Unguja na Pemba mpaka nikastaafu, na kitabu hiki nililetewa na mwanafunzi wangu wa zamani. Mleta uzi ameuliza juu ya mwisho wake, nami nataka nikae hapo, kwa kuwa naona ndipo mwandishi alipoupoteza mchezo.

Marehemu babu wa riwaya ameacha mke mmoja, mwana mmoja wa kiume na mabinti wawili. Tuseme aliacha mikarafuu 96, na kwamba deni limekwisha kulipwa na wasia, kama ulikuwepo, haukuzidi theluthi. Kwa sheria ya mirathi tunayoifuata, mke mwenye watoto hupata thumni, sehemu moja ya nane, yaani mikarafuu 12. Inabaki 84, na mwana wa kiume huchukua mafungu mawili ya binti mmoja, kwa hiyo yeye hupata 42 na kila binti 21. Mwandishi anawapa watoto watatu mafungu sawa, mjane anamsahau kabisa, na hakuna anayeuliza. Si kadhi, si ami, si jirani, wala hakuna anayetajiwa Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, ambayo kazi yake mojawapo ni kusimamia mirathi ya Waislamu hapa Zanzibar. Warithi wanaweza kuridhiana baada ya kila mmoja kujua fungu lake, hilo linaruhusiwa, na kama yule kaka angejua kuwa 42 ni zake kisha akakubali kuchukua 32, hapo angekuwa amefanya kitendo. Lakini hajui, wala dada zake hawajui, na msomaji asiyejua anaondoka akidhani wamegawana kama ilivyo desturi.

Hiyo bado ni hesabu nyepesi. Uzito wenyewe uko kwenye shamba. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi iliwekwa mikononi mwa serikali, na mashamba makubwa yaliyotaifishwa yakakatwa vipande vya eka tatu tatu na kugawiwa wakulima. Miti ina mambo yake. Kwetu mtu anaweza kuwa na mikarafuu katika ardhi isiyokuwa yake, anaweza kuikodisha kwa msimu karafuu zikiwa bado mtini, na anaweza kuiweka rehani kwa deni la harusi au la maradhi. Hivyo mzee akifariki, swali la kwanza si nani atapata shamba. Watu huuliza miti ipi ni yake kweli, ipi aliikodisha na kwa nani, na je, ile mitano ya mpakani aliyoipanda nduguye inahesabiwa wapi? Nimehudhuria vikao vya namna hiyo vilivyoanza baada ya sala ya alasiri na kuvunjika usiku bila ya jibu. Nimeona pia dada walioacha mafungu yao mikononi mwa kaka kwa heshima, wakawa wanaletewa kitu kidogo kila msimu, kisha kaka akafa na watoto wake wakasema hawajui lolote kuhusu shangazi kuwa na miti. Mwandishi aliyezaliwa kaskazini mwa Pemba, kama inavyosema jalada, hakosi kuyasikia haya.

Wala haiwezekani kusema kwamba riwaya ya Kiswahili haiyawezi. Mohamed Suleiman Mohamed aliyaweza katika Nyota ya Rehema mwaka 1976: binti anakataliwa na baba yake kwa sababu ya rangi ya ngozi yake, na baba alipokufa shamba alilompa linageuka ugomvi unaowafikisha watu mahali ambapo hawarudi. Pale nasaba, rangi na ardhi ni jambo moja, huwezi kuliondoa mojawapo kitabu kikabaki kimesimama. Katika kitabu tunachokizungumza unaweza kuiondoa harusi nzima, pamoja na singo yake, na hakuna kitakachoanguka.

Binti Somo

Shikamoo Maalim. Nawaamkia na wengine wote. Mimi ni mtoto wa somo, na mama yangu aliwafunda mabinti wengi wa upande wa Konde, kwa hiyo naomba niseme jambo ambalo halijasemwa.

Mnamlaumu mwandishi kwa kutoandika nani alinyimwa sare na nani alikula miti ya dada yake. Mmefikiri yeye anaishi wapi? Pemba ni kisiwa kidogo. Akiandika kuwa wifi mmoja alikuja harusini na nguo yake, mawifi kumi watajiona ni wao, na mama yake atakuwa hana pa kuweka uso katika shughuli itakayofuata. Watoto wa somo tunayajua haya. Mambo anayoelezwa bi harusi chumbani hayatoki chumbani, na watu hawamwamini somo kwa umahiri wake wa kuchanganya singo, wanamwamini kwa sababu ameona kila kitu na hajamwambia mtu. Mimi niliposoma zile sura tatu niliona mtu anayejua zaidi ya anachoandika. Alieleza harufu kwa sababu harufu haimfedheheshi mtu.

Sisemi kwamba kitabu ni kizuri. Kinachosha, na yule kijana aliyerudi kutoka ng'ambo nilitamani apande boti arudi alikotoka. Nasema tu kuwa huenda alichokiacha alikiacha kwa sitara, na sitara nayo ni mila.

Mkaazi wa Wete

Ahsanteni nyote. Nianze na ndugu yangu wa Maskati, kwa kuwa ndiye aliyenipinga zaidi. Sikatai uandikiwe. Nakataa uandikiwe pungufu. Umesema umekosa nyumba, nami naona ulichopewa humu ni ukumbi wa nyumba siku ya wageni, mikeka mipya imetandikwa na watoto wamekogeshwa. Wazee wako wanapokatisha masimulizi na kusema "basi tena", kinachokatwa pale hakiwi maelezo ya liwa na asumini. Ni nani alibaki na shamba, nani aliondoka na kitu na nani aliondoka mikono mitupu, barua gani haikujibiwa. Riwaya hii ina ami aliyeondoka kwenda Maskati mwaka huo huo wa 1964, anatajwa mara moja kwenye hitima kuwa "yuko mbali", na hatajwi tena. Wewe ulipofika hapo hukutaka kujua zaidi? Msomaji wa mbali anastahiki ugomvi wetu kama anavyostahiki manukato yetu.

Bi Binti Somo, hoja yako ndiyo iliyonikalisha kitako, na nimeifikiria kwa muda. Nakubali kwamba sitara ni mila, tena ni mila kubwa kuliko hizo zote zilizoelezwa kitabuni. Lakini basi iwemo! Mwandishi anaweza kuficha mambo ya shangazi zake wa kweli na bado akaandika watu wanaoficha. Angetuwekea somo anayejua kuwa bwana harusi ana mke mwingine Tanga, akakaa na bi harusi siku zote zile akimpaka singo bila ya kusema neno, ningeyasoma maelezo ya singo kwa kurasa ishirini na nisingelalamika, kwa sababu kila kiganja kinachopita mgongoni kingekuwa kinanificha jambo. Somo wa riwaya hii hafichi chochote. Hana cha kuficha, kwa kuwa mwandishi hakumpa.

Maalim, hesabu yako ya mikarafuu nimeinakili. Wakati wa kusoma nilihisi tu kuwa mwisho haukai sawa, sasa najua umepinda wapi.

Mwana wa Maskati

Kuhusu ami, ni kweli. Niliporudi kuitafuta ile sentensi nilikuta ni nusu ya mstari. Babu yangu mwenyewe angeweza kuwa ndani ya nusu mstari ule. Bado nakipenda kitabu kwa yale kilichonipa, na sitarudi nyuma katika hilo, ila napenda kuuliza: hakuna hata sura moja iliyowaridhisha nyinyi mlioko nyumbani?

Binti Somo

Ipo. Ni ile ya wanawake wawili, mke wa kaka na dada mtu, wanaochambua karafuu usiku kwa taa ya kandili wakati watoto wamelala juu ya majamvi. Wanabishana juu ya pesa za makonyo, vile vikonyo vinavyotengwa na karafuu. Dada mtu anasema makonyo yamekuwa yakiuzwa na mama yake tangu zamani kupelekwa kiwandani Wawi, na pesa zake ni za wanawake wa nyumba ile. Mke wa kaka anasema yeye ndiye aliyeyaanika na kuyapakia magunia, na yeye si mgeni tena. Hawapandishi sauti hata mara moja, kwa sababu ya watoto. Mikono inaendelea kuchambua. Niliisoma nikamsikia mama na shangazi yangu.

Maalim wa Zamani

Ni kweli kabisa, na tazameni kwamba katika sura ile hakuna anayemweleza mwenzake makonyo ni kitu gani. Msomaji asiyeijua karafuu anaelewa tu, kutokana na namna wanavyoyatenga mafungu mawili mbele yao na namna mmoja anavyolivutia lake karibu na goti.

Mkaazi wa Wete

Sura hiyo nami niliitia alama. Ndiyo iliyonifanya niendelee mpaka mwisho, nikitarajia kwamba ubishi ule utarudi siku ya mirathi, maana mke wa kaka alikuwa ameshasema kuwa yeye si mgeni, na dada mtu hakumjibu. Haukurudi. Siku ya kugawana wote wawili wamekaa upande wa wanawake wakimimina chai, na hakuna anayewauliza kitu. Mwandishi akiandika riwaya ya pili nitainunua kwa ajili ya wanawake wale wawili, na ningemwomba aanze na yale magunia ya makonyo, na nani aliyeyauza.